Unyayo wa Kushoto

Hakuna aliyechomwa sindano katika chumba kile kabla ya kuchorwa hina kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mume na mke waliofanya kazi humo, mume upande mmoja wa pazia na sindano na wino wake, mke upande wa pili na bakuli lake la hina. Ukitaka ua, jina au nyota ikae mwilini mwako mpaka kaburini, mke alikuchorea kwanza kwa hina, ukaenda nayo nyumbani, ukalala nayo, ukasemwa na shangazi zako. Hina ikianza kufifia na bado unautaka mchoro, ulirudi, na mume akaufuata kwa nukta ndogondogo za wino. Ukiwa umebadili mawazo, hina ilitoka yenyewe na hakuna aliyeaibika. Vijana waliokuja na majina ya wapenzi ndio waliofaidika zaidi na sheria hiyo. Wengi wao hawakurudi.

Watu walimwita mume Nukta. Mke hakuwa na jina la utani, alikuwa mchora hina, basi, na ndiye aliyewaambia wateja kwa majivuno kidogo, "Hapa kwetu hakuna anayejuta." Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka likawa kama kibao cha mlangoni.

Mshonaji alirudi mchana mmoja, nukta zake zikiwa zimeshapona vizuri. Alikuwa mwanamke mdogo bado, akishona magauni na sare za shule mtaa wa pili, na kila mtu pale alijua yaliyomkuta. Mtoto wake wa kwanza hakumaliza wiki duniani. Muuguzi mmoja mwenye huruma aliupaka wino mguu wa kushoto wa mtoto, akaukandamiza kwenye kadi nyeupe, ili mama asitoke hospitalini mikono mitupu. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji na mpira wa dawa. Mshonaji aliileta kadi hiyo, akaomba mguu uchorwe upande wa ndani wa mkono wake, chini kidogo ya kiwiko, pale kichwa cha mtoto mchanga hulala ukimpakata. Alichorwa hina kwanza kama wengine. Hakubadili mawazo.

Sasa alikaa kwenye ncha ya stuli, akapandisha mkono wa blauzi.

"Dada, samahani. Usinione mkorofi."

"Mkorofi wa nini tena? Kaa vizuri, utaanguka."

Mshonaji hakukaa vizuri. Alitoa kadi mfukoni, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha gauni la mtu, akailaza kando ya mkono wake.

"Naangalia hapa, naangalia hapa. Si yeye."

"Si yeye kivipi?"

"Sijui. Kazi nzuri jamani, sijasema mbaya. Nukta zote zimekaa. Lakini nikiuangalia mguu huu siuoni ule. Kidole gumba kama kimehama. Nyumbani wanasema ni mimi. Wifi yangu anasema nimeikodolea hii kadi mpaka akili imechoka. Nikasema nije kwako. Wewe ndiye uliyeuchora, wewe ndiye unaujua."

Mchora hina hakuhitaji hata kuinama. Kwenye kadi kidole gumba kilikuwa upande wa kulia, kama unyayo wowote wa kushoto unaouona kwenye vumbi. Mkononi kilikuwa upande wa kushoto. Walikuwa wamemchora mguu wa kulia, na alijua ilivyotokea kabla hajavuta pumzi nyingine. Maua yote ya maisha yake aliyachora kwa mkono mtupu, bila kunakili. Lakini siku ile aliogopa. Aliogopa kukosea hata kidole kimoja cha mtoto wa watu. Kwa hiyo alitandika karatasi ya nailoni juu ya kadi, akaufuata mguu kwa hina mbichi, kisha akaipindua nailoni na kuikandamiza mkononi, kama alivyozoea kufanya na mapambo ya pembeni siku za haraka. Pambo la pembeni halina kushoto wala kulia. Mguu unao. Naye Nukta alizifuata alama za hina kwa uaminifu wote wa kazi yake, kwa sababu yeye hufuata hina, hafuati kadi.

Hapo ndipo angesema. Chumbani hamkuwa na mteja mwingine, na mshonaji alikuwa akimtazama usoni kwa subira, kama mtu anayesubiri kusomewa majibu ya daktari.

"Mdogo wangu," mchora hina alisema, na sauti yake ilitoka tulivu mpaka ikamshangaza mwenyewe, "mkono si ni wako?"

"Ndiyo."

"Basi unauangalia kutoka juu. Vidole viko upande wa kiwiko, kisigino kiko huku. Wewe unamwona juu chini. Mtu akiangalia mkono wake mwenyewe, kila kitu hukiona kinyume. Tena ngozi ikipona huvutika. Ni kawaida kabisa."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni yeye."

"Ni mimi tu."

Mchora hina aliitikia kwa kichwa. Ulikuwa uongo wa pili, na ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Mshonaji alikaa akiutazama mkono wake. "Nimeanza kumsahau," alisema. "Hata nguo zake sijazitoa kwenye sanduku, nimeshamsahau. Mama gani anasahau mguu wa mwanawe, dada?"

"Hujamsahau."

"Si wewe mwenyewe umeona? Uko sawasawa, na mimi siujui." Akaifunga kadi kwenye kitambaa chake, akashukuru kwa adabu, akaomba radhi kwa usumbufu. Mlangoni aligeuka akasema atamwambia wifi yake kwamba alisema kweli.

Nyuma ya pazia, Nukta alikuwa akisafisha sindano. "Umemwelewesha vizuri," alisema. "Mimi ningebabaika."

* * *

Walipofunga jioni hiyo, mchora hina alisogeza makopo ya hina rafuni na kutoa ile nailoni. Hakuwahi kuitupa. Ilimwia vigumu kuutupa mguu wa mtoto kwenye pipa pamoja na pamba zilizotumika. Alimpa mumewe.

Nukta aliiinua dirishani, akaiangalia upande huu, akaipindua, akaiangalia upande ule. Alikuwa mwepesi wa macho na mzito wa mdomo. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Na mimi niliupitia wote," alisema. "Nilikuwa naviangalia vidole kimoja kimoja. Nikaona vitano vyote vipo, nikajisifu."

"Kosa si lako."

"Sindano ni yangu."

"Sindano yako ilifuata nilichochora. Na leo nimemdanganya. Nilikuwa nimeshaona, halafu nikamdanganya."

"Nilikuwa hapo. Nilisikia." Akaiweka nailoni mapajani. "Wino hautoki, mke wangu."

"Nimekaa na wewe miaka yote hii, ndiyo leo unifundishe kwamba wino hautoki?"

"Nasema tukimwambia, tutakuwa tumempa nini? Ana mguu mkononi, anaufuta vumbi, anaubusu. Tunakwenda kumwambia si wenyewe. Halafu? Tunarudi zetu nyumbani kulala, yeye anabaki nao."

Yalikuwa maneno ya busara, na mchora hina aliyapokea kwa shukrani, kwa sababu maneno ya busara ni matamu sana kwa mtu asiyetaka kutoka nyumbani. Hakusema kwamba alikuwa akifikiria pia kile kiti, na nani atakayekaa juu yake habari zikizagaa kwamba wamemkosea mama aliyefiwa. Mumewe naye hakusema. Walijuana vya kutosha kutosema.

"Nitakwenda kesho," alisema mwishowe.

"Ukiona vyema."

Kesho yake alikuwa na wateja. Keshokutwa mvua ilinyesha. Siku iliyofuata hakuwa na sababu yoyote, akabaki tu. Alimchora hina msichana mmoja miguuni, na alipofika vidoleni mkono wake ukasita. "Huu ni wa kushoto?" aliuliza. Msichana akacheka mpaka akamwaga hina sakafuni. "Mama, leo umeamka upande gani?" Mchora hina alicheka pamoja naye. Msichana alipouliza kama hina ile ikikolea anaweza kurudi kupigwa wino, akajibiwa akafikirie kwanza, tena afikirie sana. Ile sentensi ya kutojuta haikutoka.

Usiku na mchana neno moja lilikuwa likimrudia, wala halikuwa lake. Ni mimi tu. Alikuwa amemvua mwanamke yule kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, macho yake mwenyewe, ili kulinda sifa ya chumba. Alijua hivyo. Alijua akiosha bakuli, alijua akila. Kujua hakukumsogeza hata hatua moja kuelekea mtaa wa pili.

* * *

Aliyekuja ni mume wa mshonaji. Alikuwa dereva wa lori, mtu mrefu mwenye aibu, na alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewahi kuvua viatu pale. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa.

"Nimepita kushukuru, mama."

"Kushukuru nini, baba?" Mchora hina alikuwa na kifuko cha hina mkononi na mteja mbele yake, kiganja wazi.

"Ulivyozungumza na mke wangu. Mimi nilishaogopa. Nikitoka safari namkuta kakaa, mkono huku, kadi huku, anasema mguu si wenyewe, mguu si wenyewe. Nikajua sasa akili inahama, nitamkosa na yeye. Wewe ukamwelewesha, akakubali ni yeye mwenyewe. Ametulia." Aliyaweka machungwa kwenye stuli kwa mikono miwili. "Si kitu kikubwa. Nimeyabeba njiani."

"Usingejisumbua."

"Ametulia sana. Hata kadi ameitoa. Dada yangu amemwomba wee, anakataa, analala nayo. Juzi, wameniambia kwa simu, kaitoa kwa mkono wake. Kasema, chukueni, hata nikiiangalia simjui."

Mchora hina aliinua kifuko kutoka kwenye kiganja cha mteja. "Kadi iko wapi?"

"Dada anayo. Alisema ataimaliza."

"Ataimaliza vipi?"

"Si unajua." Dereva alishusha macho. "Ataichoma. Kwa nia njema, mama. Ili apone."

"Ameshaichoma?"

"Sijui. Mimi ndiyo kwanza nimeshuka kwenye gari."

Mchora hina alikuwa ameshasimama. Alivuta nailoni nyuma ya makopo, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Mteja aliuliza na mkono wake je, ua halina majani. Pazia lilifunguka na Nukta akatokea na glavu zake.

"Niende mimi," alisema.

"Uongo niliusema peke yangu."

Akatoka. Dereva alihangaika na viatu vyake mlangoni, kisha akamfuata akiuliza, "Kuna nini? Mama, kuna nini?" Alimwuliza hivyo mtaa mzima, mbele ya wauza maduka.

* * *

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani lakini mashine haikuwa ikienda. Wifi yake, mwanamke mnene mwenye sura ya upole, alikuwa sakafuni akikunja nguo. Chumba kilikuwa kimefagiwa vizuri, na kilikuwa na harufu ya chakula kinachoiva. Kwenye kona, rundo la vitambaa vya wateja ambavyo mshonaji hakuwa amepata moyo wa kuvikata lilikuwa limetundikwa kwenye kitu kirefu, mpaka sakafuni.

"Kadi iko wapi?" mchora hina aliuliza. Hata hodi hakupiga.

"Na sisi hatujambo," wifi alisema. "Kadi ipi?"

"Ya mtoto."

"Ile imekwisha. Asubuhi, jikoni, kwenye makaa. Tulikuwa wote wawili. Na picha zake za kwenye simu tumezifuta pamoja, moja moja. Tumelia, tumemaliza." Alimtazama mgeni, akamtazama kaka yake aliyekuwa akitweta mlangoni. "Mbona mnatutisha?"

Njiani mchora hina alikuwa ametayarisha maneno. Yalianza na jinsi alivyoogopa kukosea, na jinsi alivyoutaka mguu ule utoke sawasawa. Sasa aliyatafuta akayakosa, na pengine ilikuwa vizuri, kwa sababu yote yalikuwa ya kujitetea.

"Ule mguu si wenyewe," alisema. "Uliona sawa, mdogo wangu. Mimi niliupindua. Niliunakili kwenye nailoni, nikaikandamiza mkononi mwako, ukageuka. Uliokuwa kwenye kadi ni wa kushoto. Ulio mkononi mwako ni wa kulia."

Mshonaji aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mchora hina.

"Uliupindua," alisema. "Kama mkono wa gauni."

"Ndiyo."

"Mimi pia nimewahi kukata mikono miwili ya kushoto. Nilikuwa najifunza. Mwenyewe akanifokea, nikamnunulia kitambaa kingine." Alisema taratibu, kama anayepanga vipande mezani. "Siku ile nilipokuja kwako. Ulipoangalia, uliona?"

Mchora hina alitamani aulizwe kitu kingine chochote.

"Niliona."

"Palepale?"

"Palepale."

"Ukaniambia ni mimi."

"Nikakwambia ni wewe."

Wifi aliziba mdomo kwa nguo aliyokuwa akiikunja. "Mungu wangu," alisema. "Na mimi nimeichoma."

"Nilikupa mwenyewe, wifi," mshonaji alimwambia. "Nilikuwa simjui. Niliambiwa na mtu anayemjua."

Mchora hina alifungua mkoba kwa haraka. "Ninayo hii," alisema. "Hii ndiyo niliyochorea. Haijapinduliwa, hii ni ya kushoto, angalia." Akaikunjua nailoni. Hina kavu ilikuwa imevunjika kwenye mikunjo na kupukutika ndani ya mkoba, kati ya funguo na sarafu. Kwenye nailoni palibaki doa la kahawia na kitu kama kisigino. Aliigeuza upande wa pili, akairudisha.

"Naweza kuuchora tena," alisema. "Nauangalia huo ulio nao, naugeuza, nakuchorea mkono wa pili. Kwa jicho langu, bila nailoni. Ukinikubalia. Sitaki hata senti, na tulizochukua tutarudisha. Naomba tu—"

"Usiniguse."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana lilimwingia mwenzake mpaka mfupani. Dereva alikuwa bado amesimama mlangoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka alivyoyaweka machungwa kwa mikono miwili.

"Nilimwambia mke wangu anachanganyikiwa," alisema, si kwa yeyote. "Nilimwambia kwa mdomo wangu."

Mshonaji aliinuka. Alikwenda kwenye kona, akaanza kuvuta vitambaa vya wateja, kimoja kimoja, akiviacha vianguke tu. Kilichokuwa nyuma yavyo ni kioo, kile kirefu cha wateja kujitazamia nguo. Kilikuwa na vumbi. Alikifuta kwa kiganja. Kisha akapandisha mkono wa blauzi, akainua kiwiko mpaka vidole vya mtoto vikasimama juu, akausogeza mkono karibu na kioo.

Kwenye kioo kushoto na kulia hubadilishana, kila mtu anajua, na katika nyumba ile aliyejua zaidi ya wote ni yule aliyepima nguo mbele ya kioo hicho kila siku. Mle ndani kidole gumba kilikuwa upande wa kulia. Kile cha pili kilikuwa kimekizidi kidogo kwa urefu, na kidogo cha mwisho kilikuwa kimejikunja kama kinavyojikunja kwa baba yake. Mguu wa kushoto, mzima, nukta zote mahali pake.

"Huyu," mshonaji alisema. Sauti yake ilipasuka. "Huyu hapa. Ndiye huyu. Namjua."

Wifi alianza kulia kwa sauti. Dereva aliingia ndani hatua moja akasimama, hajui ashike nini. Mshonaji hakulia, alikuwa akitazama kama mtu aliyeambiwa muda ni mfupi. Alishusha mkono kidogo, akautazama moja kwa moja, na palikuwa na mguu usiokuwa wa mtu. Akauinua tena kwenye kioo.

"Kwa hiyo nitakuwa namwona huku tu," alisema.

Mchora hina hakuweza kuvumilia zaidi. Machozi yalikuwa yakimwagika naye hakuyafuta. Alisogea mpaka karibu, akitaka kupiga magoti, akitaka kusema pole, akitaka angalau kuguswa au kusukumwa. Uso wake ukatokea kwenye kioo, mkubwa, umelowa, katikati kabisa.

"Dada," mshonaji alisema, kwa upole uleule anaoutumia kwa mteja yeyote. "Sogea kidogo. Unamziba."